Ukurasa wa Mada katika Ufundishaji wa Shule za Msingi: Uchambuzi wa Kiisimu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza zana moja ya kufundishia, yaani karatasi ya ukurasa mmoja inayokusanya istilahi, fasili, kanuni na mifano ya mada moja kwa ajili ya mwanafunzi wa shule ya msingi. Zana hiyo imejadiliwa zaidi na wataalamu wa elimu na saikolojia. Hapa tunaitazama kwa jicho la isimu. Hoja yetu ni kwamba ufupi wa ukurasa humlazimisha mwandishi kufanya maamuzi ya kiisimu ambayo katika kitabu kirefu hufichika: istilahi ipi iteuliwe, fasili iundweje, na nadharia ipi ya sarufi ifuatwe. Maamuzi hayo yasipofanywa kwa makini, ukurasa hueneza upotofu kwa urahisi uleule ambao ungeeneza maarifa. Mifano imetolewa katika masomo ya sayansi na Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hukabiliwa na tatizo ambalo si geni kwa yeyote aliyewahi kushika chaki. Kipindi kina dakika 40, darasa ni kubwa, na mara nyingi wanafunzi kadhaa hutumia kitabu kimoja cha kiada kwa pamoja. Ili kila mtoto aondoke na kitu katika daftari lake, mwalimu huandika ufupisho wa somo ubaoni na wanafunzi hunakili. Sehemu kubwa ya kipindi huishia katika kunakili, na kinachonakiliwa hutofautiana baina ya daftari na daftari: hapa neno limeachwa, pale kiambishi kimepotea. Mtoto anapojisomea jioni, hujisomea makosa yake mwenyewe.

Njia mojawapo ya kulikabili tatizo hili ni kuandaa mapema, kwa kila mada, karatasi moja tu yenye mambo ya msingi ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuyajua, na kuitumia tangu siku ya kwanza ya mada hadi siku ya mwisho. Wazo ni jepesi, na wepesi wake ndio unaolifanya livutie. Hata hivyo, karatasi ya namna hiyo ni matini, tena matini yenye masharti magumu kuliko matini nyingi anazoziandika mwalimu. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha masharti hayo ni yapi, na kwa nini yanamhusu mwanaisimu.

2.0 Suala la Jina

Kabla ya kuendelea ni vema tukubaliane juu ya jina. Neno ambalo lingemjia mtu haraka ni muhtasari, lakini nchini Tanzania neno hilo tayari lina kazi katika lugha ya elimu: muhtasari wa somo ni hati rasmi inayoeleza mada za kufundishwa, ambayo nchini Kenya huitwa silabasi. Aidha, neno hilohilo hutumika kwa kumbukumbu za kikao. Neno ufupisho nalo limekwishachukuliwa na stadi ya kufupisha kifungu cha habari. Tena halifai kimaana, kwa kuwa karatasi tunayoizungumzia haifupishi matini moja, bali inateua mambo kutoka katika mada nzima. Ikisiri ni ya wasomi, kama inavyoonekana hapo juu.

Waingereza, ambao zana hii imeenea sana kwao katika miaka ya hivi karibuni, huiita kwa jina ambalo tafsiri yake sisisi ingekuwa kipanga-maarifa. Tafsiri hiyo ina dosari. Kiambishi ki- hapa kinaashiria kifaa kinachotenda kazi, kana kwamba karatasi ndiyo inayoyapanga maarifa, hali ya kuwa kazi hiyo ni ya mwalimu na ya mwanafunzi. Kwa sababu hizi tutatumia ukurasa wa mada. Jina hili linataja mambo mawili yasiyoepukika: kipimo cha karatasi na kiini chake.

3.0 Chimbuko

Zana hii katika sura yake ya sasa ilivuma nchini Uingereza baada ya mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2014, uliosisitiza maarifa mahususi ya kila somo. Mnamo mwaka 2015 mwalimu Joe Kirby wa shule ya Michaela, jijini London, aliandika kuieleza, na baada ya hapo ikaenea katika shule nyingi za sekondari na za msingi. Shabaha ilikuwa kuyaweka bayana mambo ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuyakumbuka, ili ajaribiwe mara kwa mara kwa maswali mafupi.

Lakini wazo la kuifupisha elimu katika matini fupi inayobebeka kichwani si la juzi, wala si la Ulaya peke yake. Neno muhtasari lenyewe limetokana na Kiarabu, mukhtasar, yaani ‘kilichofupishwa’, na katika elimu ya Kiislamu ni jina la utanzu mzima wa maandishi. Katika vyuo na madrasa za Mwambao wa Afrika Mashariki vitabu vya namna hiyo vinajulikana sana. Ajurrumiyya, sarufi ya Kiarabu ya Ibn Ajurrum aliyefariki mwaka 1323, ina kurasa chache tu. Safinatu n-Najaa, kitabu cha fiqhi ya Kishafii kilichoandikwa katika karne ya 19 na Salim bin Sumayr wa Hadhramaut, nacho ni kifupi mno.

La kuzingatia hapa ni kuwa vitabu hivyo havikukusudiwa kusomwa vikiwa peke yake. Matini hukaririwa, kisha mwalimu hutoa sherehe, yaani ufafanuzi wa neno moja moja: maana yake, sababu yake, na mahali kanuni inapokomea. Matini bila sherehe ni maneno yasiyo na mwenyewe, na sherehe bila matini hutawanyika. Uhusiano huu wa matini na sherehe ndio tunaoupendekeza kuwa kielelezo cha matumizi ya ukurasa wa mada, na tutaurejea katika sehemu ya 6.0.

4.0 Lugha ya Ukurasa wa Mada

4.1 Uteuzi wa istilahi

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini Tanzania tangu mwaka 1967, na kazi kubwa ya kuunda istilahi imefanywa na Baraza la Kiswahili la Taifa pamoja na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mafanikio hayo yameacha tatizo dogo ambalo darasani huwa kubwa, nalo ni visawe. Chukua mada ya jinsi mimea inavyojitengenezea chakula. Gesi ileile huitwa hewa ukaa, hewa ya ukaa, kabonidayoksaidi au kabonidioksidi. Tendo lenyewe ni usanisinuru kwa mwandishi huyu na fotosinthesisi kwa yule. Kijani cha majani ni umbijani au klorofili.

Mtu mzima hutambua kwamba majina haya ni ya kitu kimoja. Mtoto wa miaka kumi hana sababu ya kulijua hilo. Akikutana na hewa ukaa katika kitabu na kabonidayoksaidi katika mtihani, ana haki ya kudhani kwamba ni gesi mbili. Ukurasa wa mada, kwa kuwa hauna nafasi, humlazimisha mwalimu kuteua jina moja na kulishikilia. Pale ambapo kisawe kinatumika katika vitabu vilivyopo shuleni, kitajwe mara moja tu, na ielezwe wazi kwamba ni jina jingine la kitu hichohicho.

Isitoshe, istilahi iliyo angavu ifunguliwe ili mwanafunzi aone ndani yake. Usanisinuru ni usanisi na nuru. Nuru mtoto anaijua, ila usanisi haujui. Kumweleza kwamba kusanisi ni kuunganisha vitu ili kupata kitu kipya ni kazi ya dakika moja, na dakika hiyo huligeuza neno zito kuwa neno linaloeleza maana yake lenyewe.

4.2 Muundo wa fasili

Ufupi huvuta sentensi kuelekea kwenye nomino. Linganisha fasili hizi mbili:

(1) Usanisinuru ni mchakato wa utengenezaji wa chakula cha mmea kwa utumiaji wa mwanga wa jua, maji na hewa ukaa.

(2) Mmea hujitengenezea chakula chake. Hufanya hivyo katika majani mabichi, kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa. Kazi hiyo huitwa usanisinuru.

Fasili (1) ni fupi zaidi, na ndiyo inayopendwa na waandishi wa vitabu. Lakini ndani yake vitenzi vimegeuzwa kuwa nomino, utengenezaji na utumiaji, na mtendaji, yaani mmea, amesukumwa nyuma ya kiunganishi cha -a. Halliday na Martin (1993) wameonyesha, kwa upande wa Kiingereza, jinsi lugha ya sayansi inavyopenda kugeuza matendo kuwa vitu, na jinsi jambo hilo linavyompa taabu mwanafunzi anayeanza. Kwa maoni yetu hali ni hiyohiyo katika Kiswahili, na huenda ni nzito zaidi, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake taarifa nyingi za mtendaji, wakati na kauli. Ukikigeuza kuwa nomino, taarifa hizo hupotea. Katika hujitengenezea mtoto anasikia kwamba kuna anayetenda, kwamba anatenda kwa faida yake mwenyewe, na kwamba hufanya hivyo siku zote. Katika utengenezaji hasikii lolote kati ya hayo.

Pendekezo letu, basi, ni kwamba fasili za ukurasa wa mada zianze na kitenzi na kumalizia na istilahi, kama katika (2). Mtoto apewe kwanza jambo, kisha jina lake.

4.3 Mishale na majedwali

Nafasi ikibana, mwalimu hukimbilia mshale. Hebu tuangalie mfano unaoonekana mara nyingi katika mada ya mzunguko wa maji:

(3) jua → mvuke → mawingu → mvua

Mishale hii mitatu inafanana kwa umbo lakini haina maana moja. Jua haligeuki kuwa mvuke: joto lake ndilo linaloyafanya maji yawe mvuke. Mshale wa kwanza, kwa hiyo, ni wa kusababisha. Mshale wa pili ni wa kugeuka, kwani mvuke hupoa na kuwa matone madogo yanayofanya mawingu. Mshale wa tatu ni wa kutoka, yaani mvua hunyesha kutoka mawinguni. Tena maji yenyewe, ambayo ndiyo mada, hayamo katika mchoro. Vitenzi vitatu vimefutwa na alama moja, na pamoja navyo imefutika sababu. Inatosha kuandika kitenzi juu ya kila mshale: joto la jua huvukiza maji, mvuke hupoa, matone huungana na kuanguka. Ukurasa hautaongezeka hata mstari.

5.0 Mfano wa Somo la Kiswahili: Upatanisho wa Nomino na Kitenzi

Ugumu wa ukurasa wa mada huonekana zaidi katika mada ya ngeli, kwa kuwa hapa mwalimu hateui maneno tu, bali anateua nadharia.

Kama inavyojulikana, nomino za Kiswahili zimeainishwa kwa vigezo viwili vikuu. Kigezo cha kimofolojia, chenye asili katika kazi za wanaisimu linganishi kama vile Bleek (1862, 1869) na Meinhof (1906), hutazama viambishi awali vya nomino: M-WA, M-MI, KI-VI na kadhalika. Kigezo cha upatanisho wa kisarufi hutazama viambishi ambavyo nomino huvidai katika kitenzi: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA na kadhalika. Kitabu kinaweza kueleza vyote viwili. Ukurasa mmoja wa mtoto wa darasa la nne hauwezi, na usijaribu. Ukifuata kigezo cha kwanza, kiongozi, kitabu na kipepeo huwa ngeli moja, na mtoto atakosa maelezo ya sentensi hizi:

(4) Kitabu kimepotea.

(5) Kiongozi amefika.

(6) *Kiongozi kimefika.

Ukifuata kigezo cha pili, mgawanyiko unafuata sentensi ambazo mtoto anazisema, na sababu ya (5) inaelezeka. Kwa shabaha ya shule ya msingi, ambayo ni kusema na kuandika kwa usahihi, kigezo cha pili kina manufaa zaidi.

Hata hivyo, hapa kuna mtego. Kanuni inayoandikwa mara nyingi ni hii: “Ngeli ya A-WA ni ya viumbe hai.” Ni kanuni fupi, inakaririka, na inatosha mstari mmoja. Lakini mtoto huyohuyo, katika somo la sayansi, amefundishwa kwamba mimea nayo ni viumbe hai: inakula, inakua, inapumua na kuzaliana. Akizitii kurasa zake zote mbili kwa uaminifu, atasema:

(7) *Mti ameanguka.

Hakuna mwalimu atakayemsifu kwa sentensi hiyo, ingawa imetokana na kuunganisha kwa usahihi mambo mawili aliyofundishwa. Kosa si la mtoto. Istilahi kiumbe hai ina mawanda mapana katika biolojia na mawanda finyu katika sarufi, na hakuna aliyemwambia. Dawa yake ni kuandika katika ukurasa wa Kiswahili “watu na wanyama, pamoja na ndege, samaki na wadudu”. Maneno yameongezeka, lakini kanuni sasa ni ya kweli.

Kanuni hiyo nayo ina mipaka yake. Katika maneno ya udugu na urafiki, kitenzi hufuata A-WA huku kimilikishi kikifuata I-ZI: rafiki yangu amefika, rafiki zangu wamefika. Vilevile udogishaji huweza kuirudisha nomino ya mtu katika KI-VI: kijitoto kimelia. Je, haya yaingie katika ukurasa? Jibu letu ni kwamba la kwanza liingie, kwa sababu mtoto hulisema kila siku, na la pili libaki katika sherehe ya mwalimu.

Kwa muhtasari, ukurasa wa mada hii ungeweza kuwa na sehemu tano:

(a) Swali kuu: Kwa nini tunasema kiongozi amefika, na si kiongozi kimefika?

(b) Istilahi nne: nomino, kitenzi, kiambishi, upatanisho. Kila moja iwe na fasili ya aina ya (2) na mfano mmoja.

(c) Jedwali la nomino sita au saba, umoja na wingi, zikiwa ndani ya sentensi kamili.

(d) Tahadhari: nomino za watu na wanyama, hata zikianza na ki-, huchukua a- na wa-, miti na mimea haimo.

(e) Maswali matano ambayo majibu yake yote yamo katika (b) hadi (d).

Idadi hizi hazikuchaguliwa ovyo. Miller (1956) alikadiria kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu vipatavyo saba kwa mara moja, na Cowan (2001) akaona kwamba idadi hiyo inakaribia zaidi vinne. Makadirio hayo hayauhusu ukurasa mzima, ambao hujifunzwa kwa siku nyingi, bali yanahusu kila fungu lake, ambalo mtoto hulishika kwa mkupuo mmoja.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni lugha ya kwanza ya mtoto. Anayetoka katika lugha ya Kibantu anao tayari mfumo wa ngeli. Anachojifunza ni mahali Kiswahili kinapoachana na lugha yake. Mtoto Mmaasai au Mwiraqw anatoka katika lugha inayoainisha nomino kwa jinsia, na dhana yenyewe ya ngeli yaweza kuwa ngeni kwake. Ukurasa ni mmoja kwa wote. Sherehe haiwezi kuwa moja.

6.0 Matumizi Darasani

Ukurasa wa mada ukigawiwa na kubandikwa katika daftari, kisha ukasahauliwa, hauna tofauti na ufupisho wa ubaoni. Thamani yake imo katika kukumbuka bila kutazama. Katika jaribio linalotajwa sana, Roediger na Karpicke (2006) waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Baadhi walirudia kusoma, na wengine walijaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Washiriki hao hawakuwa watoto, wala matini zao hazikuwa za Kiswahili, lakini funzo la jumla linastahili kuzingatiwa: kusoma tena na tena humpa msomaji imani kwamba anajua, na imani hiyo haidumu.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu ufuatao. Mwanzoni mwa mada mwalimu ausome ukurasa pamoja na darasa na kutoa sherehe. Katika kila kipindi kinachofuata, dakika tano za mwanzo ziwe za kufunika ukurasa, kujibu maswali mawili au matatu kwa maandishi, kufunua na kujisahihisha. Wiki kadhaa baadaye maswali ya mada iliyopita yachanganywe na ya mada mpya.

Pale ambapo hakuna mashine ya kudurufu, ukurasa uandikwe mara moja kwa maandishi makubwa katika karatasi ya manila na kutundikwa ukutani, nao wanafunzi waunakili mara moja tu, kwa mada nzima, mwalimu akisahihisha nakala hizo. Kunakili hakukwepeki, ila kunapunguzwa na kudhibitiwa. Kufunika nako kunawezekana: karatasi ya ukutani hugeuzwa.

7.0 Hatari ya Kukariri

Yapo mashaka ambayo hatuwezi kuyapita kimya. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea (1967), aliikosoa elimu inayotukuza maarifa ya vitabuni na kumtenga mwanafunzi na maisha ya jamii yake. Paulo Freire naye (1970) aliilaumu elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa chombo cha kuwekea akiba za mwalimu. Msomaji anaweza kuuliza kama ukurasa wa mada si hundi ya benki hiyohiyo.

Mashaka haya ni ya haki, na hayajibiwi kwa kusema kwamba kukumbuka ni kubaya au kwamba ni kuzuri. Mtoto asiyekumbuka maana ya kiambishi hawezi kujadili upatanisho. Mtoto anayekumbuka fasili yake tu, bila kuweza kuunda sentensi mpya, hajajifunza lolote la lugha. Kipimo tunachokipendekeza ni rahisi: kwa kila jambo lililomo katika ukurasa, mwalimu awe na swali moja ambalo jibu lake halimo. Kwa mfano, baada ya kanuni ya watu na wanyama: “Katika hadithi, mti unazungumza na sungura. Je, mwandishi aseme mti amesema au mti umesema? Toa sababu.” Swali hilo halikaririki. Linadai kanuni, na linadai zaidi ya kanuni.

Hatari nyingine ni ukurasa kugeuzwa kuwa mpaka wa mada. Kisichoandikwa humo huonekana hakina maana, na hatimaye mwalimu mwenyewe hufundisha ukurasa badala ya mada. Ndiyo maana hatuafiki kurasa zilizochapishwa mbali na kununuliwa zikiwa tayari. Mwalimu aliyeuandika ukurasa anajua alichokiacha, na kwa nini.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ukurasa wa mada ni zana ya lugha kabla ya kuwa zana ya kumbukumbu. Ubora wake hutegemea istilahi moja iliyoteuliwa na kushikiliwa, fasili zinazoanza na vitenzi, mishale yenye maneno, na kanuni ambazo ni za kweli katika masomo yote anayoyasoma mtoto, si katika somo moja tu. Mgongano wa kiumbe hai cha sayansi na kiumbe hai cha sarufi unatosha kuthibitisha kwamba walimu wa masomo tofauti katika shule moja hawana budi kusomeana kurasa zao kabla ya kuwapa wanafunzi.

Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zina wajibu hapa. Tumezoea kuipima sarufi kwa upana wa data inazozieleza. Tunawapendekezea wanafunzi wa uzamili kipimo cha pili: kuchukua uchambuzi wao wa kipengele kimoja cha lugha na kuuandika katika ukurasa mmoja ambao mtoto wa darasa la nne ataweza kuutumia bila kupotoshwa. Uwanja wa utafiti upo wazi, hususan juu ya mawanda ya istilahi zinazotumiwa na zaidi ya somo moja, na juu ya namna watoto wa lugha mbalimbali za kwanza wanavyozipokea kanuni za ngeli. Matokeo ya utafiti huo hayatawafaa wanaisimu peke yao.